Siku ya Tatu, Koblenz

Mliniaga kwa keki na kadi yenye picha ya kiti cha kuegemea, kana kwamba kustaafu ni ugonjwa wa mgongo, halafu mkaniomba niwaandikie "kitu kidogo" kuhusu kazi yetu ya kupanga safari. Kendi akaongeza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba niandike kwa Kiingereza ili wote mwelewe. Nimekataa. Dawati mnalokalia hapo Marshalltown, Johannesburg, linaitwa dawati la Kiswahili. Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wanapanda zile ngazi zote, lifti ikiwa imekufa tena, kwa sababu juu kuna mtu wa kuwasikiliza kwa lugha yao. Basi someni pole pole, mtazoea. Mkikwama neno, muulizeni mteja, atafurahi.

Habari za vyeo sina, na hata ningekuwa nazo zisingewasaidia. Nianze siku niliyoingia. Mimi ni msichana wa Voi, au nilikuwa msichana wakati huo, niliyemfuata mume Johannesburg na kujikuta nyumbani mtaa wa Observatory nikitazama mji kutoka mlimani bila kazi ya kufanya. Niliingia ofisini na viatu vipya vilivyonibana. Nikawekwa mbele ya mashine yenye kioo cheusi na herufi za kijani, ambayo haikukubali neno lolote la binadamu, ila vifupisho tu. Ukikosea herufi moja inakujibu kwa mlio. Siku nzima nilipigiwa mlio. Jioni nilivua viatu chini ya meza nikakataa kuvivaa tena, nikatembea hadi kituo cha teksi kwa ndala za mfagiaji.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi. Naidoo, mwanamke mfupi wa miwani ya mnyororo, aliyezaliwa Durban na aliyechukia uzembe kuliko dhambi. Alinipa Ujerumani. Msidhani ni heshima. Paris ilikuwa na mwenyewe, London ilikuwa na mwenyewe, safari za Yerusalemu za makanisa ziligombaniwa kama nyama. Ujerumani haikuwa na mtu. Akanipa kitabu cha ratiba za treni za Ulaya nzima, kinene kama tofali, na ramani ya mto Rhine iliyotobolewa na pini mpaka miji mingine ikabaki mashimo.

"Weka kidole hapo Mainz," akaniambia. "Sasa shuka na mto. Mteja wako yuko upande huu, ngome anayoitaka iko upande ule. Anavukaje?"

Nikasema kwa daraja.

"Nionyeshe daraja."

Nikatafuta mpaka Koblenz. Hakuna. Sehemu yote hiyo ya bonde, yenye ngome kila kilima, haina daraja hata moja, kuna vivuko tu, na vivuko navyo vina saa zake za kulala. Reli ziko mbili, moja kila ukingo, na mtu akipanda treni ya ukingo usio wake atautazama mji wake ng'ambo ukipita dirishani, aupungie mkono. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na ninyi bado mnalikosea. Juzi tu kabla sijaondoka mmoja wenu, simtaji, alimlaza mteja ukingo wa kushoto na kumkatia tiketi ya kulia. Eti simu ndiyo iliyosema. Simu haijawahi kulala stesheni na mabegi!

Bi. Naidoo alikuwa na mengine. Mpeleke mteja kwa mashua mto unakoteremkia, umrudishe kwa treni, maana mashua inayopanda dhidi ya maji inajikokota hadi mtu anaanza kuhesabu ng'ombe. Jumapili maduka yamefungwa nchi nzima, kwa hiyo mwambie anunue mkate Jumamosi. Jumatatu makumbusho hayafunguliwi. Usimbadilishie kitanda kila usiku, kwa sababu atakaporudi hatakumbuka mto, atakumbuka kufunga sanduku. Haya yote niliyaandika nyuma ya ramani ile, na miaka yote niliyokaa pale sijaona programu ya kompyuta inayomwambia mtu kuhusu mkate.

Wateja wa safari za kundi hawanisumbui. Wanapangwa kwenye basi, wanahesabiwa, wanarudishwa. Anayenimaliza ni yule anayetaka kwenda mwenyewe, bila kiongozi, kwa treni ndogo na mashua, "kwa uhuru." Huyo anataka uhuru wote uwe wake na lawama zote ziwe zako. Nilikuwa na Bwana Mutiso, Mkamba wa benki, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alitaka Rhine, Moselle, Neckar na Main kwa wiki moja.

"Na Danube kama iko njiani," akasema.

"Haiko njiani, Bwana Mutiso."

"Kwenye ramani ni hapa na hapa." Akapima kwa vidole viwili, kwenye ramani ya ukutani inayoonyesha bara zima.

Nikamwambia wiki ina mabonde mawili, matatu ukiwa na bahati na miguu mizuri. Akaniona mvivu. Akaenda kwa mpango wake, akarudi na picha mia za madirisha ya treni, na mkewe hakuniamkia kanisani kwa muda mrefu, kana kwamba mimi ndiye niliyewakimbiza.

Na nani, jamani, aliyeitangazia dunia nzima kwamba treni za Wajerumani hazichelewi? Natamani nimkamate. Mteja anakaa mbele yako, mtu aliyekuja kwa teksi ya Noord na kungoja robot, taa ya barabarani, iliyokufa, mtu anayejua vizuri kwamba duniani vitu huharibika, halafu anakuambia, "Mama, dakika tano za kubadilisha treni zinatosha, ni Ujerumani." Hazitoshi! Mpe saa. Treni itasimama katikati ya mashamba ya mizabibu bila sababu, sauti itatangaza jambo, watu watashusha pumzi kwa pamoja, na treni yake ya pili itakuwa imeshaondoka kwa wakati, maana ile unayoikimbilia wewe ndiyo pekee isiyochelewa.

Sasa nifike kwenye jambo la saa, kwa sababu ndilo lililonipa kiburi, na kiburi ndicho kilichonileta kwa Mama Furaha.

Kwetu Wakenya na Watanzania, saa tatu asubuhi ni mshale kwenye tisa. Hata mtoto anajua. Lakini Mkongo wa Lubumbashi akikuambia saa tatu, mshale uko kwenye tatu. Mrundi anaweza kukupa ya Kifaransa katikati ya sentensi ya Kiswahili. Mwanzoni mwa kazi yangu hapa watu walikosa ndege kwa Kiswahili safi kabisa, kila mmoja akiapa alisema saa sahihi. Kwa hiyo nikajizoeza kutomwuliza mtu ni saa ngapi. Nilimwuliza, "Mshale mfupi uko wapi?" Akinionyesha kwa kidole, naandika tarakimu. Nililifundisha dawati zima. Nilijiona nimeziba tundu la mwisho la Kiswahili chote cha Johannesburg.

Ndipo alipokuja Mama Furaha, miezi michache kabla ya keki yenu.

Ni fundi cherehani, anakaa Joubert Park, ghorofa za karibu na Park Station. Mwenyeji wa Bukavu kule Kongo, mwanamke mnene mtulivu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni hata anapokuwa mbali na mashine. Alikuwa amepata pasipoti ya kijani ya Afrika Kusini baada ya kuhangaishwa madirishani miaka na miaka, na aliiweka mezani kwangu kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

"Mama Wakesho," akasema, "miye nataka kwenda Allemagne. Nione mito."

"Mito gani?"

"Yenye iko."

Nikamwambia mito ya Ujerumani ni mingi, na ubalozi unataka kujua kila usiku atalala wapi, hawampi mtu viza ya kuangalia mito yenye iko. Akaikunja futi yake, akaikunjua. Kisha akaniambia ukweli.

Ana mdogo wake, Zawadi, anayemwita Yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Vita ilipowatoa Bukavu walifika Kigoma wawili peke yao, wazazi wakiwa wamekwisha. Mama Furaha akapata nafasi kwenye lori la kuelekea kusini. Nafasi ilikuwa moja. Akamwacha Zawadi kwa watu wa kanisa, akamwambia, "Ngoja hapa, mwezi ukiisha nitakurudilia." Mwezi ukawa miaka. Huku Johannesburg hakuwa na karatasi, asingeweza kuvuka mpaka hata mmoja akarudi, na pesa alizotuma ziliishia mikononi mwa watu. Mwishowe Zawadi alichukuliwa na wale wanaowapeleka wakimbizi Ulaya, akawekwa Ubelgiji, mji wa Liège, anatunza wazee. Hajawahi kupokea simu ya dada yake. Habari zote zilipitia kwa shangazi yao aliyebaki Bukavu.

"Sasa amekubali tuonane," akasema. "Siku moja. Hapana kwake. Anasema nisifike kwake. Fasi ya katikati, tuonane, kila mutu arudi kwake. Nikikosa ile siku, imekwisha. Atasema nilimuacha mara ya pili."

"Na mito je?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Kama hakukuja, bamama ba kanisa bataniuliza nilienda kufanya nini. Nitasema nilienda kuangalia mito. Kwa hiyo uniwekee mito ya kutosha."

Haki ya Mungu, sijawahi kupanga safari kwa uangalifu kama ile. Nilitoa ramani ya Bi. Naidoo kabatini. Nikachagua Koblenz, kwa kuwa Moselle inaingia Rhine pale pale mjini, kwenye ncha yenye sanamu kubwa ya mfalme juu ya farasi. Mtu hawezi kuikosa hata akija analia. Zawadi naye angefika kwa treni kutoka Liège, akibadilisha Aachen na Köln, na kurudi siku hiyo hiyo. Nikampangia Mama Furaha aondoke hapa Ijumaa jioni, ashuke Frankfurt Jumamosi asubuhi, alale mara mbili Bacharach, kijiji cha mvinyo kando ya Rhine, ateremke kwa mashua, alale Koblenz, kisha Trier, juu huko bonde la Moselle, mpaka siku ya kurudi. Mabonde mawili, vitanda vitatu. Bi. Naidoo angeguna, na guno lake ndilo lililokuwa sifa.

"Siku ya tatu uko Koblenz," nikamwambia. "Hapo ndipo mtakapoonana. Inafaa?"

"Siku ya tatu?" Akafikiri. "Ile ni muzuri. Zawadi iko na congé, hapana kazi, siku ya tatu."

Akampigia shangazi hapo hapo mbele yangu, akapaza sauti kama watu wote wanaopiga simu Bukavu: siku ya tatu, Koblenz, penye farasi. Shangazi akapigia Liège, akarudi: Zawadi amekubali, mchana.

"Mchana mshale uko wapi?" nikauliza, kwa kiburi changu.

"Juu kabisa. Midi."

Nikaandika tarakimu, nikaridhika. Kendi alichapa karatasi za ubalozi kwa Kiingereza, Mama Furaha akazikunja akazitia kwenye mkoba bila kuzisoma. Alisema atategemea sauti yangu. Tukakubaliana kila asubuhi nitamtumia ujumbe wa sauti kwenye simu: leo treni fulani, ukingo fulani, shuka fulani.

Ikawa hivyo. Jumamosi alifika Bacharach. Jumapili alinitumia picha ya mto, nusu yake ni kidole gumba. Jumatatu asubuhi nikamwambia apande mashua mpaka Koblenz, hoteli iko karibu na stesheni. Nilijizuia kumpigia siku ile. Nilisema moyoni, waache, ni siku yao, wewe si mtu wa ukoo. Nilikaa ofisini nikiwakaripia ninyi bila sababu, kama mtakumbuka.

Jumanne asubuhi sikuweza tena. Nikapiga.

"Mama Furaha, habari ya jana?"

"Ya jana ni muzuri. Nilifua nguo, nililala."

"Na Zawadi?"

"Zawadi ni kesho."

"Kesho vipi? Si tulisema siku ya tatu?"

"Njo ile. Siku ya tatu. Kesho."

"Mama, siku ya tatu ilikuwa jana!"

Akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgonjwa. "Jana ilikuwa siku ya kwanza, Mama Wakesho. Leo ni siku ya pili. Kwenu munahesabiaka namna gani?"

Eish. Nilikaa chini.

Kwetu wiki inahesabiwa kuanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ikaitwa Jumatatu. Yeye aliondoka Ijumaa na kufika Jumamosi, kwa hiyo siku ya tatu ya safari yangu iliangukia Jumatatu, na mimi, nisiseme uongo, nilipoona zinalingana nilipendezwa. Kwao Bukavu wiki inaanza kazi inapoanza. Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano ndiyo siku ya tatu, Jumamosi wanaiita siku ya posho. Yeye, shangazi na Zawadi walikuwa wameelewana vizuri kabisa. Aliyekuwa amepotea peke yake ni mimi na hoteli zangu. Miaka yote hiyo nalinda saa kama askari, na siku zikapita nyuma ya mgongo wangu! Ndiyo sababu mmekuta karatasi ukutani juu ya mashine ya chai, ile mnayodhani niliiandika kwa hasira. Niliiandika kwa hasira. Inasema: jina la siku, na tarehe, halafu mwulize mteja jana ilikuwa siku gani kwao. Msiibandue.

Kazi ikaanza. Hoteli ilitaka kitanda chake asubuhi ile ile. Mji ulikuwa na mkutano wa wauza mvinyo, kila chumba kimejaa, na Trier kulikuwa na kitanda kilicholipiwa kinachomngoja. Nikamwambia aende Trier alale, kesho arudi kwa treni ya bonde.

"Treni ikisimama?" akauliza.

Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba zinasimama.

"Sitoki mu huu muji," akasema.

Nikapiga simu mpaka sikio likawaka moto. Mwisho nikapata kitanda kimoja kwenye hosteli ya vijana, ndani ya ngome ya zamani juu ya kilima, ng'ambo ya Rhine. Njia rahisi ya kufika ni gari la waya linalovuka mto hewani. Mama Furaha aliliangalia akanipigia kwa video ili nami nilione.

"Haka kasanduku?" akasema. "Kenye kananing'inia?"

"Hako."

"Mama Wakesho, uko unanichukia?"

Akapanda. Nilimsikia akiomba kwa Kishi, lugha ya kwao, njia nzima, na mtoto wa Kijerumani akiuliza mama yake jambo. Alilala chumba kimoja na wasichana wa shule waliokuwa kwenye ziara, wakampa chokoleti, akawashonea kifungo. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano alikuwa kwenye ncha ya mito mapema, chini ya farasi, na sanduku lake. Saa zetu na zao zilikuwa sawa wakati ule wa mwaka, kwa hiyo mshale wangu na wake ulikwenda pamoja. Ukafika juu kabisa. Ukapita. Akaniandikia: hayupo. Nikamwambia asubiri, treni hizo zinachelewa. Nikafungua kompyuta nikatazama: treni za kutoka Köln zilikuwa nyekundu tupu, hii imechelewa, hii imefutwa, hii haijulikani. Sikujua Zawadi yuko kwenye ipi. Namba yake hatukuwa nayo. Shangazi Bukavu hakupatikana, umeme au mtandao, kimojawapo kama kawaida. Kendi aliniletea chai, nikaisahau hadi ikapoa, akaleta nyingine. Mnajua nilivyo, sipendi mtu akisimama nyuma yangu, lakini siku ile mlisimama wote na sikuwafukuza.

Alasiri ikaenda. Mama Furaha alikuwa amepiga simu akaiacha wazi mfukoni mwa koti, nasikia upepo, watalii, king'ora cha mashua. Kila baada ya muda anasema, "Hapana bado." Nikaanza kuhesabu kama ninavyohesabu siku zote. Treni ya mwisho nzuri ya kwenda Trier. Kitanda kisichotumika usiku wa pili. Hosteli imejaa leo, nilishauliza. Mwanamke wa umri wake, mji wa ugenini, sanduku, na giza linakuja. Nikawa mkali. Sijui kuogopa kwa njia nyingine.

"Mama Furaha, nisikilize. Zawadi labda amerudishwa njiani. Labda alifika ukiwa umetazama upande mwingine, akaondoka. Nenda stesheni sasa hivi. Nenda Trier, tutampata kupitia shangazi, tutapanga tena."

"Hapana."

"Hutapata pa kulala!"

"Nitakaa hapa penye mawe."

"Mama, mimi hii kazi nimeifanya maisha yangu yote, nakuambia ondoka hapo!"

Akasema, bila kupaza sauti, "Mama Wakesho, ile siku ya Kigoma, kila mutu aliniambia ondoka. Lori inaenda, ondoka. Utarudia mutoto kisha. Bote balikuwa na akili, kama weye. Niliondoka. Leo siondoki."

Kendi alijipangusa uso kwa mkono wa sweta, na nikajua kwamba Kiswahili anakielewa chote, hata cha Bukavu. Nikataka kukata simu ili nisimmalizie betri, nikashindwa. Nikakaa nasikiliza mito miwili nisiyowahi kuiona kwa macho, mimi niliyewapeleka watu huko tangu enzi za herufi za kijani.

Watalii walipungua. Mtu alipita akipiga filimbi. Nikasikia magurudumu ya begi dogo yakigonga mawe, yanakuja mbio, yanasimama, yanakuja tena. Nikasikia mtu anahema. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, nene, lakini iliuliza kama mtoto aliyeamka kwenye chumba chenye giza.

"Yaya? Treni ilisimama mu njia, simu ilizimika, nilijua utakuwa umeshaenda... Yaya, uko?"

"Niko," Mama Furaha akasema. "Niko, Zawadi. Sikuondoka."